Nilivyowaelewa Makalasinga

(Hotuba iliyotolewa Kwihara, siku ya pili ya mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani)



Ni desturi yetu katika kila mkutano mmoja wetu asimame aeleze jambo alilojifunza baada ya kutoka shuleni, jambo ambalo hakufundishwa darasani. Safari hii kura imeniangukia mimi. Nimechagua kusema juu ya Makalasinga na dini yao. Najua baadhi yenu mnajiuliza: huyu mtumishi wa serikali, Mwislamu, mzaliwa wa Tabora, ana nini na Makalasinga? Nitaeleza. Tena nitaeleza kwa nini jambo hili linahusu kikao chetu cha kesho, ambacho kitaamua juu ya mfuko wa chakula cha wanafunzi.

Nianze na tunavyowafahamu. Kwa wengi wetu Kalasinga ni mtu wa kilemba na ndevu, fundi wa mitambo, mwenye kiwanda cha mbao, au dereva wa mashindano ya magari. Wakubwa zetu wanamkumbuka Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mashindano ya Safari mwaka 1965, na tena 1974 na 1976. Lakini hizo ni kazi za watu, si imani yao. Wao wenyewe hujiita Sikh, maana yake mwanafunzi. Nadhani hilo peke yake lingetosha kutufanya sisi, tuliokutana hapa kwa jina hilo hilo, tuwasikilize kidogo.

Marehemu baba yangu alijifunza useremala katika karakana ya Kalasinga mmoja mjini Tabora. Alijifunza kushika randa, patasi na msumeno, na kuutambua mninga mzuri kwa kuutazama na kuunusa. Alimsifu sana tajiri wake kwa mambo mawili: hakupenda kazi ya ujanja ujanja, na mshahara haukuchelewa hata siku moja. Mlango usiokaa sawa ulivunjwa ukaanzwa upya, hata kama mteja ameridhika. Lakini baba alisema pia jambo la tatu, tena bila hasira. Saa ya chai ilipofika, wenyeji walikunywa ndani, na mafundi Waafrika walikunywa nje, kwa vikombe vya bati. Familia ile iliondoka nchini miaka ya sabini, kama walivyoondoka Wahindi wengi baada ya majumba kutaifishwa mwaka 1971. Tajiri yule alimwachia baba randa mbili na benchi la kazi.

Basi mimi nilikua na picha ya watu waadilifu wa kazi, wenye mlango uliofungwa. Nilipofika Chuo Kikuu ndipo nilipoanza kusoma habari zao, na yale niliyoyasoma hayakulingana na vikombe vile vya bati. Hapo ndipo udadisi wangu ulipoanza.

Mwalimu wao wa kwanza, Guru Nanak, alizaliwa mwaka 1469 katika nchi ya Punjab, mahali ambapo leo ni Pakistan, akafariki mwaka 1539. Alifundisha kwamba Mungu ni mmoja, hana umbo, hakuzaliwa wala hafi, na kwamba mbele yake hakuna tabaka la juu wala la chini. Katika nchi ambayo mtu alizaliwa na cheo chake na kufa nacho, hilo lilikuwa neno zito. Mafundisho yake hufupishwa katika mambo matatu: kulikumbuka jina la Mungu, kula kwa jasho la kazi ya halali, na kugawana na wenzako ulichokipata. Baada yake walifuata waalimu wengine tisa. Wa mwisho, Guru Gobind Singh, aliyefariki mwaka 1708, aliagiza kwamba baada yake mwalimu wao awe ni kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib.

Kitabu hicho kina kurasa 1430, na kilikusanywa pamoja kwa mara ya kwanza mwaka 1604 na mwalimu wa tano, Guru Arjan. Kilichonishangaza mimi kama Mwislamu ni kwamba ndani yake yamo maneno ya watu wasiokuwa Makalasinga. Yamo maneno ya Sheikh Farid, Mwislamu wa njia ya Kisufi. Yamo ya Kabir, mfumaji wa nguo, na ya Ravidas, fundi wa ngozi, ambaye kwa desturi ya siku zile hakustahili hata kugusana na watu wa tabaka la juu. Maneno ya fundi wa ngozi yamewekwa katika kitabu ambacho kila anayeingia hukiinamia.

Ipo hadithi moja inayosimuliwa sana juu ya Guru Nanak, nami kama mtoto wa seremala naipenda kuliko zote. Alipofika katika mji mmoja alikaa kwa seremala maskini aitwaye Lalo, akala mkate wake mkavu. Tajiri wa mji, Malik Bhago, akafanya karamu kubwa na kukasirika kwamba mgeni hakuja. Husimuliwa kwamba Nanak alichukua mkate wa tajiri kwa mkono mmoja na wa seremala kwa mkono wa pili, akaikamua. Wa seremala ukatoka maziwa, na wa tajiri ukatoka damu. Kila mtu aiamini hadithi hiyo kwa namna yake, lakini maana yake haihitaji mkalimani.

Jambo la pili ni habari ya mwaka 1699. Guru Gobind Singh aliwakusanya watu wake akauliza nani yuko tayari kutoa kichwa chake. Walisimama watano, mmoja mmoja, wa matabaka mbalimbali. Akawanywesha maji matamu yaliyokorogwa kwa upanga, wote kutoka bakuli moja. Kisha yeye mwenyewe akapiga magoti, akawaomba wale watano wamnyweshe vivyo hivyo. Tangu hapo wanaume waliopokea kiapo huitwa Singh, yaani simba, na wanawake huitwa Kaur, ili jina la ukoo lisionyeshe tena nani katoka tabaka gani. Hapo ndipo pia zilipotoka zile alama tano tunazoziona: nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, kaptula ya ndani na upanga mdogo. Kalasinga mmoja mtu mzima aliniambia kwamba bangili humkumbusha mkono wake usifanye la haramu, na upanga humkumbusha wajibu wa kumlinda mnyonge. Mimi bado napata shida na silaha katika ibada. Lakini nimejifunza kumwuliza mwenyewe maana yake kabla ya kumhukumu.

Ndugu Mwenyekiti, kusoma ni jambo moja na kuona ni jambo jingine. Kazi yangu ilinipeleka Kenya, na tukiwa njiani kutoka Nairobi kwenda Mombasa tulisimama Makindu. Pale pana hekalu la Makalasinga, gurdwara, lililojengwa mwaka 1926 kando ya reli. Mtakumbuka kwamba reli ile ilianzwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Ilijengwa na vibarua zaidi ya elfu thelathini walioletwa kutoka India, na karibu 2500 kati yao walipoteza maisha. Wengi wao walitoka Punjab, na baadhi walikuwa Makalasinga. Makindu ilikuwa kituo cha kazi zao. Leo msafiri ye yote anayepita, wa dini yo yote, hula pale bila kulipa.

Tulivua viatu, tukafunika vichwa, tukaketi. Tulipewa dali, mboga, chapati na chai. Hapakuwa na nyama, na nilipouliza sababu, nilijibiwa kwamba chakula cha pale sharti kiwe kile ambacho hakuna mgeni atakayezuiwa na dini yake kukila. Dereva wetu na mkurugenzi wetu walikaa safu moja. Hakuna aliyetuuliza majina. Mzee aliyetugawia chapati, nilikuja kuambiwa baadaye, alikuwa mfanyabiashara mkubwa aliyekuja siku ile kutumika. Jiko hilo wao huliita langari, na utaratibu huo uko katika kila hekalu lao duniani. Kule Amritsar, kwenye Hekalu la Dhahabu, watu wanaolishwa kwa siku moja ni makumi ya maelfu, na wanaomenya vitunguu na kuosha sahani ni watu wa kujitolea.

Hapo nikarudi kwenye vikombe vya bati. Je, dini inayowakalisha wote safu moja iliwezaje kuwaacha mafundi wanywe chai nje? Jibu langu, baada ya kulifikiri miaka mingi, ni hili. Mafundisho ni kitu kimoja, na mazingira yanayomlea mtu ni kitu kingine. Serikali ya kikoloni ilijenga ngazi ya watu watatu: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Shule zilitenganishwa, hospitali zilitenganishwa, hata mishahara. Aliyewekwa katikati alizoea kukaa katikati. Hata miongoni mwao wenyewe, pamoja na katazo la matabaka, mafundi wa ukoo wa Ramgarhia walijenga mahekalu yao mbali na wengine, kama ilivyokuwa Nairobi.

Lakini palikuwa pia na waliokataa ngazi ile. Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab aliyekuja Kenya mwaka 1927, aliunda chama cha wafanyakazi cha watu wa rangi zote. Mwezi wa Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alidai hadharani uhuru wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, akawekwa kizuizini hadi mwaka 1961. Yeye alikuwa mkomunisti na sitaki kumfanya mhubiri. Nasema tu kwamba mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Makalasinga aliona wazi kwamba mkate wa haki haugawiwi kwa rangi.

Kwa hiyo nimeamua kuipima dini ya mwenzangu kwa yale inayomdai mfuasi wake, na kumpima mfuasi kwa kipimo hicho hicho. Nami nakubali kupimwa hivyo na dini yangu. Sikubadili imani. Naswali kama nilivyolelewa. Lakini ninapotoa zaka sasa, najiuliza kama aliyepokea amebaki na heshima yake.

Ndugu zangu, tutazame hapa tulipokaa. Kwihara ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pwani na bara. Stanley na Livingstone walifika hapa Februari 1872, na Livingstone alingoja katika tembe lile mpaka Agosti, akiwasubiri wapagazi kutoka pwani. Njia hii ilipitisha pembe na ilipitisha watumwa. Mnyamwezi alibeba mzigo wa ratili sitini au sabini kichwani au begani kwa miezi, akapewa posho yake, na mkuu wa msafara akala chakula chake peke yake hemani. Vitabu vimehifadhi majina ya waliokuwa hemani. Wengi wa waliobeba hawakuandikwa. Ukoloni haukuleta ngazi mahali pasipokuwa na ngazi. Ulizikuta zetu, ukaongeza zake.

Sasa nafika kwenye kikao cha kesho. Sote tumesikia kwamba wapo wanafunzi wa kutwa wasiokula mchana kwa sababu mchango wa chakula haujalipwa nyumbani. Wenzao wakiingia bwaloni, wao hukaa nje. Tumekubaliana tuunde mfuko. Lakini katika mapendekezo yaliyoletwa yamo mawili yanayonitia wasiwasi. La kwanza, majina ya wafadhili na kiasi walichotoa yaandikwe ukutani bwaloni. La pili, watoto watakaosaidiwa wawe na orodha na kadi yao ya rangi tofauti, ili hesabu zisipotee.

Kama mtumishi wa serikali naheshimu hesabu, na hesabu lazima zikaguliwe. Lakini kadi ya rangi ile ni kikombe cha bati. Mtoto atakula, lakini kila siku atakumbushwa kwamba anakula cha watu. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kama kutoa ni moyo, ukuta una kazi gani?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, fedha zetu ziingie katika mfuko mmoja wa jiko, na chakula kiwe cha wanafunzi wote waliopo shuleni siku hiyo, bila kadi. Mwenye uwezo wa kuchangia nyumbani aendelee kuchangia, na mhasibu peke yake ajue nani katoa na nani hakutoa. Pili, hesabu zisomwe mbele ya mkutano wetu kila mwaka, kwa jumla, bila majina. Tatu, siku ya mkutano wetu meza kuu iondolewe bwaloni. Tule pamoja na wanafunzi, na sisi ndio tugawe chakula na kuosha sahani. Mkuu wa mkoa, fundi baiskeli na mkulima wa tumbaku, wote tuliosoma hapa, tushike miiko.

Najua gharama itaongezeka. Nimepiga hesabu, na karatasi yake iko kwa Katibu. Kila mmoja aisome usiku huu aje nayo kesho. Mkiona haiwezekani, semeni haiwezekani kwa fedha, tutafute njia. Lakini tusiseme haiwezekani kwa sababu tunataka majina yetu yaonekane.