Hadithi za Nyumbani na Somo la Kiingereza

Maneno yangu ya leo yawahusu zaidi walimu na wazazi wa Kingerikiti na vijiji jirani, milimani Umatengo na chini ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Lakini nadhani watu wa mahali pengine nao watapata la kuchukua. Nataka kueleza jambo moja: ya kuwa mtoto hujifunza Kiingereza vema zaidi akipewa kusimulia mambo ayajuayo, ya mahali pake na ya watu wake, kuliko akianzishwa na mambo ya nchi asiyopata kuiona.

Kwanza tuitazame hali yake. Mtoto wa milima hii huanza na Kimatengo nyumbani. Shuleni hukuta Kiswahili, na kwa lugha hiyo hufundishwa hesabu na maarifa mengine ya shule ya msingi. Kiingereza ni somo moja tu miongoni mwa masomo. Aingiapo sekondari mambo hugeuka ghafula: jiografia, biolojia, historia, karibu yote huja kwa Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Clive Criper na William Dodd, walichunguza jambo hili katika Tanzania, wakaona kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Miaka mingi imepita, lakini walimu wa kidato cha kwanza hata leo wamjua mtoto yule aliyekuwa mwepesi wa kujibu katika shule ya msingi, na sasa amenyamaza. Hakupungukiwa na akili. Amepungukiwa na maneno. Na akinyamaza hivyo miaka minne, kazi yote ya wazazi waliouza kahawa na maharage ili asome yaweza kupotea.

Sasa, kwa nini hadithi? Mtu ajifunzaye lugha ngeni hubeba mizigo miwili: kutafuta jambo la kusema, na kutafuta maneno ya kulisemea. Mtoto akiambiwa aeleze habari za theluji au za magari ya moshi ya London, aibeba yote miwili. Akiambiwa aeleze jinsi ngoro inavyolimwa kwao, mzigo mmoja ameutua.

Tuiangalie ngoro yenyewe. Mvua zielekeapo mwisho, majani hukatwa na kuachwa yakauke. Kisha hupangwa chini katika mistari inayokatana, hata shamba lote likawa miraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufukia majani yale. Ndipo yatokeapo mashimo yaliyozungukwa na matuta. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu ufuatao mahindi. Majani yakioza huwa mbolea, na mvua ikinyesha maji hutulia mashimoni yasichukue udongo wa mlimani. Mtoto akiyaeleza hayo kwa Kiingereza, atakuwa amejifunza kukata, kupanga, kuchimba, kufukia na kupanda. Amejifunza kusema kwanza, halafu, kwa sababu. Na siku mwalimu wa jiografia atakapotaja mmomonyoko wa udongo, atakuta mwanafunzi aliyekwisha kulijua jambo, aliyebakiza jina lake tu.

Pili, hadithi hufundisha sarufi. Katika Kiswahili msimulizi akisha kusema kuwa Sungura alikwenda, huendelea na akafika, akaona, akasema. Silabi ile moja ya ka humchukua mpaka mwisho. Kiingereza hakina silabi hiyo. Kila kitendo chataka umbo lake la wakati uliopita, na vingine havifuati kanuni, kama vile go kuwa went, na see kuwa saw. Tena neno letu yeye ni la mume na mke pia, bali Kiingereza humtaka msemaji achague he au she. Mambo haya yakiandikwa ubaoni kama orodha, huchosha. Katika hadithi ya Sungura na Fisi hurudi mara ishirini, na mtoto huyarudia kwa kuwa ataka kufika mwisho wa kisa.

Tatu, hadithi huwaingiza wazee katika kazi ya shule. Mwalimu na amwalike babu au bibi wa kijiji. Mzee asimulie kwa Kimatengo au kwa Kiswahili, apendavyo. Watoto wamwulize maswali, kisha wakisimulie kisa kwa Kiswahili, ndipo pamoja na mwalimu wakigeuze kuwa sentensi fupi za Kiingereza. Mwisho wakiandike katika daftari la shule pamoja na picha walizochora, lisomwe na darasa lijalo. Maneno ya mzee mwenyewe yaandikwe kando kwa lugha yake, maana wazee hawakai milele. Hivyo shule yenye vitabu vichache hujipatia kitabu, na mzee asiyejua neno moja la Kiingereza huwa msaidizi wa mwalimu wa Kiingereza.

Huenda mtu akasema: Tukifundisha mambo ya kijijini, mtoto atabaki kijijini. Sivyo. Mlango wa nyumba ni wa kutokea pia. Tazameni Liuli, ufukoni mwa ziwa, palipoitwa Sphinxhafen zamani za Wajerumani kwa ajili ya mwamba wake. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliipiga kwa mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa kutengenezwa. Husimuliwa kuwa nahodha Mjerumani hakuwa na habari ya vita, akatoka katika mashua kwa hasira kumwuliza Mwingereza, rafiki yake wa zamani, kama amelewa, akachukuliwa mateka. Mtoto aanzaye na kisa hiki cha pwani yake ataifikia habari ya vita ya dunia nzima.

Tena kumbukeni kuwa Mwalimu Julius Nyerere alizitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alizileta hadithi za Waingereza katika Kiswahili. Njia ile ile yaweza kupitwa kwenda upande wa pili, na watoto wetu wakazipeleka hadithi za Umatengo katika Kiingereza.

Basi, walimu, wiki hii chagueni kisa kimoja tu na mzee mmoja. Nanyi wazazi, mtoto akija kuwauliza habari za kale kwa ajili ya shule, msimwambie kuwa hayo si masomo. Mketisheni, mkamsimulie. Kwaherini.