Fremu ya Picha kwa Mafundo ya Katani

Mada kwa semina ya kazi za mikono, Rangwi, Lushoto



Nimepewa heshima ya kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda wengine wakalidhania kuwa dogo mno kuandikiwa mada, nalo ni namna ya kuitengenezea picha fremu ya kamba zilizofungwa mafundo, kazi ambayo mafundi wa mijini huiita makrame. Walakini maadamu ni nadra katika milima hii kuingia nyumba isiyokuwa na picha ukutani, ama ya arusi, ama ya mtoto siku ya kipaimara, ama ya babu aliyekwisha kututangulia mbele ya haki, naona si haba tukiitafutia picha hiyo makao yanayolingana na hadhi yake. Rai zangu ni mbili, nami nazitaja tangu sasa: kwamba fremu huanza na picha wala haianzi na kamba, na kwamba kamba itufaayo sisi ni katani.

Mtu asidhani kuwa kufunga mafundo kwa ajili ya pambo ni ugeni ulioletwa na magazeti ya Ulaya. Watu wa pwani yetu wanayajua matamvua ya kikoi, zile nyuzi za ncha ya nguo zikusanywazo chache chache na kutiwa fundo ili nguo isifumuke, ambazo mfumaji alizifunga kwanza kwa haja, na haja ilipokwisha kutimia akaendelea kuzifunga kwa uzuri. Mtepe wa visiwa vya Lamu ulivuka bahari pasipo msumari, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Na kanzu ya Kiomani hata leo huning'iniza kishada chake shingoni. Mabaharia wa mataifa yote, waliokuwa na kamba nyingi na saa nyingi za kungoja upepo, walivivisha mafundo hayo vipini vya visu na shingo za chupa. Mabibi wa Uingereza wakayapokea katika karne ya 19 kwa mapazia na vitambaa vya meza, yakafifia, na katika miaka ya 1970 yakarejea tena kwa kishindo.

Ama katani, hadithi yake iko chini ya miguu yetu, kwani asimamaye Irente na kutazama bondeni huyaona mashamba ya mkonge ya Mazinde yamepangwa safu kwa safu. Mmea huo haukuwa wa kwetu. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na katika hiyo, mwaka 1893, ni 62 tu iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai. Na kutokana na hiyo 62 yakaenea mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mashuhuri duniani, hata mwaka 1964 nchi ikatoa zaidi ya tani 200,000. Karibu zote zilipakiwa melini, zikaenda kufungia majani makavu ya ng'ombe wa watu wengine, mpaka kamba za plastiki zilipoingia sokoni na bei ikaporomoka. Na kwetu huku milimani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga njia ya kamba za chuma ya kuteremshia mbao za mierezi kutoka Shume hadi Mkumbara. Mbao zetu zikashuka, na katani iliyokuwa huko chini haikupandishwa kwetu kwa kazi ya urembo. Mimi naona wakati wake umefika.

Sisemi kuwa kamba ya pamba ni mbaya. Ni laini, haiumizi vidole, na fundo lake hukaa vizuri, kwa hiyo mwanafunzi na ajifunzie kwayo. Lakini katika ukungu wetu pamba nyeupe huota kuvu na kushika uchafu upesi, ilhali katani ina rangi yake ya dhahabu isiyoona haya kwa vumbi kidogo, nayo ni ngumu, hata fremu husimama yenyewe pasipo mbao. Ila yazingatieni maji. Kamba ya nyuzi za mmea ikinywa maji huvimba na kufupika, jambo walilolijua manahodha waliozilegeza kamba za tanga kila mvua ilipokaribia. Basi asiyejua akailoweka katani ndooni kisha akafunga mafundo, itakapokauka atayakuta yamelegea. Ipanguseni kwa kitambaa chenye unyevu, si zaidi, ili ukali wake upungue mkononi. Atakaye rangi ya kahawia aichemshe mapema katika chai nzito, ambayo milima hii haiikosi, na aiache ikauke kabisa.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Tuchukue picha ya sentimita 13 kwa 18, iliyogandishwa juu ya kadi ngumu. Tutaiachia nafasi ya sentimita 12 kwa upana na 18 kwa urefu, ili nusu sentimita ya picha ijifiche nyuma ya ukanda kushoto na kulia; na tukiizungushia kanda za sentimita 3, fremu nzima itakuwa na upana wa 18 na urefu wa 24, mbali na matamvua. Kamba yenye unene wa milimita 4, ikifungwa nyuzi nne pamoja, hutoa ukanda wa takriban sentimita 1 na nusu. Basi upana wetu unataka makundi 12, yaani nyuzi 48, nazo ni vipande 24 vilivyokunjwa kati. Vipande vinane vya pembeni, vinne kila upande, vikatwe mita 2 na nusu kila kimoja, kwa sababu fundo hula kamba mara nne au tano ya urefu wake. Vile 16 vya katikati, ambavyo havitafungwa safari nzima, vikatwe mita 1.2. Jumla yake haifiki mita 40.

Chukueni ufito wa mwanzi wa sentimita 24, muuning'inize ukutani. Kila kipande kikunjwe, kitanzi chake kipite nyuma ya mwanzi, na ncha mbili ziingie ndani ya kitanzi na kuvutwa. Kisha huja fundo lenyewe: katika nyuzi nne, mbili za kati husimama zimenyooka, wa kushoto hupita mbele yao na kwenda chini ya ule wa kulia, na wa kulia hupita nyuma yao na kutokea katika tundu la kushoto, kaza, halafu rudia hayo hayo ukianzia kulia. Anayeanza upande mmoja siku zote ataona ukanda unajipinda kama ngazi ya mnara, na hapo kamba haina kosa, mkono ndio uliosahau zamu. Mstari wa pili acha nyuzi mbili kila ukingo, na kila kundi liundwe kwa nyuzi mbili za jirani huyu na mbili za jirani yule. Mstari wa tatu urudie wa kwanza.

Hapa ndipo penye siri ya fremu hii. Zile nyuzi 32 za katikati msizikate. Ziacheni zishuke wima, zisifungwe, na mbele yake mweke kadi tupu ya kipimo cha picha. Kisha pande mbili za nyuzi nane nane zifungwe zikiteremka mbele ya kadi kwa sentimita 18, zikiunganishwa kila baada ya mafundo matatu ili ukanda usipasuke kati. Mkifika chini, nyuzi zote zikutane tena katika mistari mitatu kama ile ya juu. Kadi ndiyo mlinzi: bila yake nyuzi za nyuma hukazwa kupita kiasi na fremu ikatuna. Mwishoni kadi hutolewa ubavuni, picha ikaingizwa badala yake, na nyuzi zilizobaki hukatwa sawa kwa rula, sentimita 8, zikafumuliwa na kuchanwa ziwe matamvua.

Fremu hii haina kioo, na hilo mimi nalihesabu kuwa faida mahali penye baridi na unyevu, ambapo picha nyingi zimegandamana na vioo vyake zikaharibika. Lakini isitundikwe karibu na jiko la kuni, kwa kuwa katani hunywa moshi na hushika moto kwa wepesi. Wageni wanaotembea kwa miguu kutoka Lushoto kwenda Mtae, na kulala hapa Rangwi kwa masista wenyeji wetu, wataweza kuichukua mkobani bila hofu ya kuvunjika. Bei na izingatie saa za fundi pamoja na mita za kamba. Na atakayefunga fremu kumi za kipimo kimoja kabla hajajua zitakaa picha gani, huyo atauza mapambo ya ukuta, si fremu.

Kwa hiyo naomba kesho asubuhi kila mmoja aje na picha ya mtu wa kwao, mkasi, rula, ufito wa mwanzi na kamba iliyokwisha kukatwa. Na ambaye picha yake si ya kipimo nilichotaja asikate kamba, aje mapema kidogo, tukae naye tumpigie hesabu yake.