Hesabu ya Februari: Wapiga Kura Weusi na Mchujo wa Urais Marekani



Mwaka 2008 Afrika Mashariki nzima ilimshabikia Barack Obama, na wengi wetu tuliamini kwamba Wamarekani Weusi walimpa kura kwa kuwa ni mwenzao. Damu nzito kuliko maji, tukasema, na mjadala ukaishia hapo. Jioni ya leo nitajaribu kuufungua upya. Hoja yangu ni hii: katika kura za mchujo za chama cha Democratic, mpiga kura Mweusi huuliza maswali mawili kwa pamoja. La kwanza, nani ananifaa? La pili, nani atakubaliwa na wapiga kura wasiofanana nami? Mara nyingi la pili ndilo limekuwa na uzito zaidi.

Tuanze na Obama mwenyewe. Hadi miezi ya mwisho ya 2007, Hillary Clinton alikuwa na wafuasi wengi miongoni mwa Weusi, viongozi wao wakubwa wakiwamo. John Lewis, mbunge wa Georgia aliyepigwa virungu na polisi kwenye daraja la Selma mwaka 1965, alikuwa upande wa Clinton. Kisha tarehe 3 Januari 2008 Obama akashinda Iowa, jimbo ambalo wakazi wake karibu wote walikuwa Wazungu. Siku 23 baadaye, South Carolina ilimpa Obama asilimia 55 na Clinton asilimia 27, na kati ya kila Weusi kumi waliopiga kura, karibu wanane walimchagua Obama. Mwezi uliofuata Lewis naye akahama. Rangi ya Obama ilikuwa ileile Oktoba na Januari. Kilichoongezeka ni ushahidi kwamba Wazungu wangempigia.

Tahadhari hiyo ya kuwapima Wazungu kwanza ina historia. Kwa miongo mingi majimbo ya Kusini yalikuwa na chama kimoja chenye nguvu, Democratic, na aliyeshinda mchujo wake alikuwa ameshinda uchaguzi. Chama hicho kiliwafungia Weusi nje ya mchujo kwa kisingizio kwamba ni klabu binafsi yenye haki ya kujichagulia wanachama. Lonnie Smith, daktari wa meno wa Houston, alipinga jambo hilo akiwakilishwa na Thurgood Marshall, na mwaka 1944 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa haki. South Carolina ikajibu kwa kufuta sheria zake zote zinazohusu mchujo, ili chama kibaki huru kufanya kitakavyo.

Mwaka 1946 George Elmore, mwenye duka mjini Columbia, alikataliwa kupiga kura katika mchujo, akaenda mahakamani. Mwaka uliofuata Jaji Waties Waring, Mzungu wa Charleston, aliamua kwamba chama hakiwezi kujificha nyuma ya jina la klabu. Weusi wa jimbo hilo wakapiga kura kwenye mchujo wa 1948. Elmore akalipa gharama: wauzaji wa jumla waliacha kumpa bidhaa, wakopeshaji wakadai fedha zao, na duka likafa. Jimbo hilohilo ndilo leo wagombea urais wanalizunguka kanisa kwa kanisa.

Kwa nini uzito wote huu uwe kwenye mchujo? Kwa sababu tangu 1964, mwaka wa Sheria ya Haki za Kiraia, Weusi takriban tisa kati ya kumi huchagua Democratic kila uchaguzi mkuu. Mwanasayansi wa siasa Paul Frymer anaeleza hali hii kama kutekwa: chama kimoja hakizitafuti kura zako, kingine kina hakika nazo. Novemba huna pa kwenda. Februari na Machi ndipo unapoweza kudai.

Jesse Jackson, Mweusi aliyewania uteuzi wa Democratic, alilielewa hilo kuliko wengi. Mwaka 1984 vigogo kadhaa Weusi, akiwamo meya wa Detroit Coleman Young, walimuunga mkono mpinzani wake Walter Mondale, lakini wananchi wa kawaida wakamfuata Jackson kwa wingi. Mwaka 1988 alipata kura karibu milioni saba. Hakuteuliwa, ila alitoka na kitu: chama kilikubali kwamba kila jimbo ligawe wajumbe wanaoteua mgombea kwa uwiano wa kura. Bila kanuni hiyo, hesabu za wajumbe zilizombeba Obama miaka 20 baadaye zingekuwa ngumu mno.

Sasa tuangalie 2020. Joe Biden alikuwa wa nne Iowa na wa tano New Hampshire. Weusi wawili waliotajwa sana, Kamala Harris na Cory Booker, walikuwa wameshajitoa kabla ya kura ya kwanza. Mbunge Jim Clyburn wa South Carolina amesimulia kwamba siku hizo, kanisani kwenye msiba, bibi mmoja aliyekaa kiti cha mbele alimwita ainame, akamuuliza atampigia nani. Clyburn akamnong'oneza jina la Biden. Bibi akamwambia watu wanahitaji kulisikia hilo. Tarehe 26 Februari Clyburn akalitangaza hadharani, akisema wao wanamjua Joe na Joe anawajua wao. Siku tatu baadaye Biden alishinda South Carolina kwa karibu nusu ya kura zote. Jumanne iliyofuata akachukua majimbo 10 kati ya 14.

Tusidhani hata hivyo kwamba Weusi wote hufikiri sawa. Mwaka 2016 na 2020 vijana wao walivutiwa na mgombea Bernie Sanders kuliko wazazi wao. Na kujuana kwenyewe ni nguvu: wanasayansi wa siasa Ismail White na Chryl Laird wameonyesha kwamba msimamo wa pamoja wa Weusi hulindwa na macho ya jamaa na majirani, si imani peke yake.

Hapo ndipo penye gharama. Anayechagua kwa kukadiria mioyo ya wengine huenda akaacha chaguo la moyo wake, na takwimu zikamsajili kama mpenzi wa mgombea aliyemkubali tu. Mwaka 2024 chama kiliiweka South Carolina mbele, tarehe 3 Februari, lakini Biden hakuwa na mpinzani wa maana. Miezi michache baadaye Biden alijitoa, na Harris akateuliwa bila kushindania mchujo wowote. Nafasi ya kwanza kwenye kalenda haina nguvu pasipo ushindani, na watafiti wanaozichukulia kura za mchujo kuwa kipimo cha mapenzi ya Weusi wanapima kitu kingine: wanapima jinsi Weusi wanavyowaona Wamarekani wenzao.