Wazee wa Baraza na Kesi ya Kuua



Mtu akisimama juu ya jabali la Irente wakati ukungu umeondoka, huona chini kabisa Mazinde, na nyika iendayo mbali hata macho yachoke. Mazinde ndiko alikokaa Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, na baadhi ya habari za leo ni za ukoo wake. Ila kwanza twawaomba mtufuate safari ndefu kidogo, hata Marekani.

Mwaka 1788 Wamarekani walianza kujenga mji wa Marietta kando ya mto Ohio, katika nchi iliyokuwa na wenyewe tangu zamani. Mwezi wa Septemba mahakama ikafunguliwa kwa maandamano, na Sherifu Ebenezer Sproat akatangulia, upanga wazi mkononi. Mwezi huo huo likaapishwa baraza la raia liitwalo juri kubwa. Mkuu wake alikuwa William Stacy, askari mzee aliyepata kuchukuliwa mateka vitani mwaka 1778.

Baraza hilo halikuhukumu mtu. Idadi yao kwa desturi ya Kiingereza ilikuwa tangu 12 hata 23. Walikaa faraghani, mlango umefungwa, wakasikiliza mashahidi wa upande wa mshitaki tu, kisha wakajiuliza neno moja: Je, jambo hili lastahili mtu kusimamishwa mahakamani? Wakipatana 12, mkuu wao alitia sahihi, na kesi ikaendelea mbele ya juri nyingine. Wasipopatana, mshitakiwa alikwenda zake nyumbani. Tena waliweza kusema pasipo kuulizwa: daraja hili limevunjika, gereza hili ni bovu, mtumishi huyu wa Serikali hatimizi kazi yake. Sisi twadhani kazi hii ya pili iliwapendeza watu wa mpakani kuliko ile ya kwanza, maana Serikali ilikuwa mbali na matope ya njia yalikuwa karibu.

Wala tusiwasifu kupita kiasi. Wanawake hawakuitwa, wala watumwa, wala wenyeji wa kwanza wa nchi ile. Na katika kijiji kidogo mzee aliyeapa huenda alikuwa shemeji wa mwizi. Uingereza ilikokwisha kuanzisha desturi hiyo iliiacha mwaka 1933. Marekani ingali nayo, kwa kuwa imeandikwa katika Katiba yao tangu 1791.

Tanganyika haikupata kuwa na juri kubwa. Kwa jirani zetu wa Kenya, wakati wa ukoloni, Mzungu aliyeshitakiwa kwa kosa kubwa aliamuliwa na juri ya Wazungu wenzake. Mwafrika hakupewa haki hiyo. Huku kwetu kesi ya kuua ilisomwa kwanza mbele ya hakimu wa wilaya, naye akaipeleka Mahakama Kuu. Huko Jaji aliketi pamoja na wazee wa baraza, wawili au zaidi.

Kushauriana na wazee hakukuwa jambo geni Usambara. Huko Vugha mfalme alikuwa Mkilindi, lakini washauri wake walitoka katika watu wasio Wakilindi, na mkubwa wao aliitwa Mlughu. Watu walimpima mfalme kwa neno moja: je, aiponya nchi au aiharibu? Basi mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mfalme wa Vugha, kwa kuwa alimwua mtu aliyeshitakiwa kuzini na mke wake. Kwa desturi ya Vugha tendo lile lilikuwa katika uwezo wa mfalme. Kwa sheria ya wageni lilikuwa kuua. Waliokata shauri hawakuwa watu wa Vugha.

Hapo ndipo ilipo maana ya wazee wa baraza. Jaji atokaye mbali ajua sheria. Hajui kwa nini maneno fulani, yakisemwa mbele ya mkwe wa mtu, ni tusi lisilovumilika. Mzee ajua. Baada ya ushahidi kwisha, Jaji huwaeleza wazee mambo makubwa ya kesi, kisha humwuliza kila mmoja maoni yake, naye hujibu mbele ya watu wote, si faraghani kama wale wa Ohio. Lakini maoni hayo hayamfungi Jaji. Wazee wote waweza kusema, "Hana hatia," naye akamtia hatiani. Hata hivyo Mahakama ya Rufani imepata kutengua hukumu kwa sababu wazee hawakuelezwa kesi sawasawa.

Kenya iliwaondoa wazee wa baraza mwaka 2007. Tanzania, mwaka 2022, ilibadili sheria, na tangu hapo Mahakama Kuu yaweza kusikiliza kesi pasipo wao.

Jambo moja latushangaza mpaka leo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 iliwapa wazee wa mahakama ya mwanzo kura iliyo sawa na ya hakimu. Basi katika kesi ya mbuzi aliyeibwa wazee wawili waliweza kumshinda hakimu kwa kura; bali katika kesi ya shingo ya mtu, wazee watatu waliopatana hawakuweza kumzuia Jaji mmoja.