Barabara ya Mombo Hata Lushoto

Tumepewa kunena habari za barabara ipandayo kutoka Mombo hata Lushoto. Wageni huisifu kwa uzuri wake, nao wasema kweli. Kwa maana katika mwendo wa kilometa 33 hivi mtu huacha joto la nyika, hupita kando ya majabali na makorongo, huona maporomoko ya maji pale Soni, kisha huingia katika baridi ya Lushoto, penye kimo cha meta 1,400 hivi. Lakini sisi wenyeji hatuipendi kwa macho tu.

Wazee wetu waliigawa nchi sehemu mbili: Shambaai, yaani milimani penye mvua na migomba, na nyika, yaani tambarare penye jua kali. Walakini pande hizi mbili hazikuweza kuachana. Masimulizi ya Mbegha, mwanzilishi wa ufalme wa Wakilindi, yasema kwamba alikuwa mwindaji mgeni; akawapa watu wa milimani nyama ya nguruwe mwitu, nao wakampa chakula cha mashamba yao. Kisha akaua simba, wakamfanya mfalme. Basi ufalme wetu wenyewe ulianza kwa kupeana.

Zamani hizo watu walipanda kwa miguu. Hata Krapf, alipomwendea mfalme Kimweri katika mwaka 1848, alifika kwa njia za miguu. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, wakati wa Wadachi, na tangu hapo Mombo ikawa mlango wa milima. Barabara ikauunganisha mlango huo na Lushoto, mji ambao Wadachi waliuita Wilhelmsthal.

Leo barabara hiyo ina lami. Huteremsha kabichi, karoti, viazi na mapeasi mpaka Tanga na Dar es Salaam. Hupandisha chumvi, sukari na mabati. Humteremsha kijana aendaye kutafuta kazi, humpandisha arudiye kuoa au kuzika.

Sasa, ndugu zetu, lisikieni neno lenyewe. Barabara hii imeshikwa na mlima. Miteremko iliyo juu yake ikivuliwa miti, mvua ya masika huporomosha udongo na mawe, njia huzibwa, mboga huoza magarini, na mgonjwa hukawia kufika kwa mganga. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Waingereza iliwaamuru watu kupiga matuta ili kuuzuia udongo. Watu wakakataa, kwa maana kazi ilikuwa nzito, nao waliihofia ardhi yao. Mpango ukaachwa kabla ya Uhuru wa mwaka 1961. Hatuwalaumu wazee wetu. Lakini amri ile imekwisha, na udongo ungali ukishuka.

Kwa lugha yetu kuna neno kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kinyume chake ni kubana shi, yaani kuiharibu. Hapo kale kuiponya nchi ilikuwa kazi ya mfalme, kwa kuwa watu walimhesabu kuwa mwenye mvua. Leo hatuna mfalme wa kumngojea. Kila mwenye shamba juu ya barabara ameshika sehemu ya kazi hiyo mikononi mwake. Yatupasa kupanda miti, kulima kwa kukingama na mteremko, na kuyaacha majani yasimame kando ya vijito. Wala asiseme mtu, "Shamba langu ni dogo." Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tukifanya hivi kwa hiari, wala si kwa kushurutishwa, watoto wetu watashuka kwa salama, nao watapata njia ya kurudia kwao. Hayo ndiyo maneno yetu.