Habari za Saadani, Mahali Ndovu Wafikapo Bahari

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wazee na walimu)

Mlitutaka tuwaeleze safari yetu ya miguu katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kwa kuwa baadhi yenu mwakusudia kuwapeleka watoto wa shule huko. Basi tutasema tuliyoyaona, na lile tulilolikosa hatutalificha.

Saadani iko pwani, kati ya Bagamoyo na Pangani. Zamani ilikuwa bandari ya misafara itokayo bara, na ndiko Bwana Heri bin Juma alikopigana na Wadachi mwaka 1889. Katika miaka ya 1960 pori lile liliwekwa akiba kwa ajili ya wanyama, na mwaka 2005 likawa hifadhi ya taifa. Upande wa kaskazini, huko Mkwaja, palikuwa na shamba kubwa la ng'ombe, lakini mbung'o waliwataabisha sana wenyewe, hata likafungwa mwaka 2000. Sasa malisho yale ni ya kuro, tohe na kongoni. Mbung'o wangalipo. Nguo nyeusi na za buluu zawavuta mno, nasi tuliozivaa tulijuta.

Hatembei mtu humo kwa miguu ila pamoja na askari mwenye bunduki. Sisi tulidhani ni desturi ya serikali tu. Asubuhi ya kwanza askari wetu alisimama ghafula, akainua mkono. Mbele yetu, nyuma ya mikoche, ndovu walikuwa wakila, mmoja akiwa na ndama. Askari akachota mchanga, akauacha uanguke apate kujua upepo. Kisha akatuashiria, tukarudi kinyumenyume bila neno, mpaka tukazunguka mbali. Bunduki hakuigusa.

Usiku wa pili tulikuwa pwani ya Madete, ambako kasa hupanda kutaga. Kijana wa kijijini, mmoja wa walinzi wa viota, alitukataza tusisimame, tusiseme, wala tusiwashe taa. Yapata saa tano kasa akatoka majini, akijikokota na kuhema kama mzee apandaye mlima. Hapo mmoja wetu akawasha kurunzi apate kumwona vizuri. Kasa akageuka, akarudi baharini na mayai yake tumboni. Mwenye kurunzi msimtafute mbali. Ndiye asimamaye mbele yenu sasa. Kijana hakutukemea. Alisema tu, “Mabwana, huyu amengoja miaka ishirini na zaidi hata kuwa mama.” Tuliona haya kuliko kama tungalipigwa.

Baadaye alitueleza kwamba kiota kimoja huwa na mayai mia na zaidi, nayo hukaa mchangani muda wa miezi miwili hivi. Mchanga wenye joto sana hutoa majike, wenye ubaridi hutoa madume. Watoto hutoka usiku, wakaufuata mwanga wa bahari. Wakiiona taa ya nyumba huelekea huko, wakaliwa na kaa, au jua likawaua.

Twajua mtauliza, kwani tuliulizwa hivyo hivyo huko: Ndovu aliyekula mahindi ya mtu, amfaa nini mtu yule? Mama mmoja alituonyesha shamba lake, mabua yamelazwa yote kwa usiku mmoja. Hatukuwa na jawabu la kumpa. Tena wenyeji wa Uvinje wamebishana miaka mingi na wakuu wa hifadhi juu ya mpaka, nao husema makaburi ya baba zao yamo ndani. Kwa hiyo, walimu, msiwaambie watoto kwamba nchi ile ni pori lisilo na watu. Wapitisheni kwanza kijijini, wawasalimu wazee, ndipo waingie kutazama wanyama.

Msiende wakati wa masika, kwani udongo mweusi hunasa magari siku nzima. Kila mtoto achukue maji yake na nguo za rangi ya majani makavu. Nanyi mkifika Madete, kurunzi zote zikusanywe kabla ya magharibi, hata ya mwalimu mkuu.