Ushauri Uende Pamoja na Ada: Kumsindikiza Kijana wa Unguja Hadi Chuoni

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika na wafadhili, Mji Mkongwe, Unguja)



Tumeombwa tueleze kwa nini katika mapendekezo ya mpango wa elimu tumetenga fungu la ushauri kwa vijana wanaoomba kujiunga na vyuo, na kwa nini tunataka fungu hilo litumike kwa kushirikiana na taasisi nyingine. Baadhi yenu mmetuuliza swali la haki kabisa: je, si afadhali fedha zote ziende kwenye ada? Jibu letu ni kwamba ada humfaa kijana aliyekwisha kupata nafasi ya chuo. Wapo wengi wanaoangukia njiani kabla ya kufika hapo, na hao ada zetu haziwafikii.

Mahali vijana wanapoangukia

Tuchukue mfano wa binti wa Makunduchi aliyemaliza kidato cha sita. Mtihani ni mwezi Mei, na matokeo kwa kawaida hutoka Julai. Kuanzia siku hiyo muda wake ni mfupi. Kati ya mwaka 2010 na 2017 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, ilikuwa na mfumo mmoja wa pamoja wa kuomba udahili. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka. Jambo hilo limempa uhuru, lakini pia limemwongezea kazi. Inambidi ajue kwamba sharti la chini la shahada ni kufaulu masomo mawili makuu ya tahasusi yake kwa jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Inambidi ajue pia kwamba kila kozi ina masharti yake ya ziada, na kwamba kufikisha pointi hizo hakumfungulii kila mlango.

Akichaguliwa na vyuo viwili au zaidi, atatumiwa namba maalumu kwa simu ili athibitishe chuo kimoja. Hapa ndipo mambo madogo yanapoharibu makubwa. Kijana asiye na kompyuta hujaziwa fomu kwenye kibanda cha intaneti mjini. Ikiwa mwenye kibanda ameweka namba yake mwenyewe ya simu na neno la siri analolijua yeye peke yake, ujumbe wa kuthibitisha utaingia kwenye simu isiyo ya kijana. Muda ukipita, nafasi imepotea, na mzazi kijijini ataambiwa kwamba mtoto "hakuchaguliwa".

Kisha kuna mkopo. Kijana wa Zanzibar ana bodi mbili za kuzifahamu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na Zanzibar ikaunda bodi yake mwaka 2011. Kila moja ina fomu zake, masharti yake na tarehe zake. Kwa upande wa bodi ya Tanzania kuna ada ya maombi ya shilingi 30,000. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Fomu hupitia kwa sheha na kwa mwanasheria. Aliyefiwa na mzazi hutakiwa cheti cha kifo, na zipo familia za shamba ambazo zilizika bila kuandikisha popote. Kutafuta karatasi hiyo mwezi Agosti, wakati dirisha la maombi linakaribia kufungwa, ni kazi ya kukimbizana na ofisi. Mama anayelima mwani Jambiani au Paje hawezi kuiacha bahari kila siku apande daladala kwenda mjini kuulizia.

Ugumu huu unazidi hapa kwetu kwa sababu ya mpangilio wa serikali zetu mbili. Elimu ya msingi na sekondari iko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Baraza la Mitihani na elimu ya juu ni mambo ya Muungano. Mwalimu wa sekondari anawajibika upande mmoja, na mwanafunzi wake anahitaji majibu kutoka pande zote mbili. Mara nyingi hakuna mtu mmoja aliyepewa kazi ya kumweleza njia nzima tangu mwanzo hadi mwisho.

Tusiwasahau pia wale ambao alama zao hazikutosha. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuanza na cheti, akaendelea na stashahada, na kwa wastani wa 3.0 akaomba shahada. Anaweza kusoma ufundi katika Taasisi ya Karume, Mbweni. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 bodi ya Tanzania imeanza kukopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada. Aliyekosa sifa za chuo kikuu anaweza kupitia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Asiyeambiwa haya hujihesabu kuwa amefeli maisha, akaenda kubeba mizigo hotelini Nungwi huku ana njia nyingine tatu mbele yake.

Ushirikiano huu una historia

Ndugu wajumbe, taasisi mbalimbali kusaidiana ili kijana afike chuoni si jambo geni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya aliwasafirisha wanafunzi 81 kwenda Marekani kwa ndege ya kukodi. Watu wengi huikumbuka ndege hiyo, lakini sisi tungependa mwangalie mgawanyo wa kazi uliokuwa nyuma yake. Vyuo vya Marekani vilitoa nafasi na nafuu za masomo. Ndugu na majirani nchini Kenya walichangishana kwa ajili ya matumizi ya kijana wao. Kilichokosekana kilikuwa nauli, na hapo ndipo mfuko ulioundwa Marekani kwa ajili ya wanafunzi wa Kiafrika ulipoingia. Watu mashuhuri kama Jackie Robinson na Harry Belafonte waliusaidia kuomba michango. Mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na mpango ukapanuliwa kwa vijana wa nchi nyingine za kanda hii. Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwa Wangari Maathai, aliyesoma katika chuo cha Kikatoliki huko Kansas na baadaye, mwaka 2004, akapata Tuzo ya Amani ya Nobel. Hakuna mshiriki hata mmoja kati ya hao ambaye angeweza kuifanya kazi hiyo peke yake.

Katika miaka ya karibuni kazi ya namna hiyo imeendelea kwa sura nyingine. Zimbabwe ilianza mpango wa USAP mwaka 1999 kuwaandaa vijana maskini wenye vipaji, na msingi wake ni wanafunzi wenyewe kusaidiana. Nchini Kenya, KenSAP ilianzishwa mwaka 2004 na mwanariadha Mike Boit pamoja na mwandishi John Manners. Mashirika kama haya yaliona kwamba yanabisha hodi kwenye milango ile ile ya vyuo, kila moja kwa wakati wake, yakajiunga katika mtandao unaoitwa HALI. Jina hilo limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "ufaulu wa juu, kipato cha chini", ingawa kwa Kiswahili nalo linasema jambo. Wanachama hubadilishana uzoefu, huwafundisha washauri wao, na huzungumza na vyuo vya nje kwa sauti moja.

Vijana wetu wengi hawatakwenda Marekani. Watakwenda Tunguu, Chukwani, Dar es Salaam, Dodoma au Makumira. Hata hivyo somo ni lile lile: mwenye nafasi, mwenye fedha, mwenye taarifa na mwenye kumjua kijana ni watu wanne tofauti, na lazima wakae meza moja.

Kila mmoja na kazi yake

Hapa Unguja meza hiyo tunaiona hivi. Shule inawajua wanafunzi na ina vyumba vya kukutania. Vyuo vina maofisa wa udahili wanaoweza kueleza masharti kwa usahihi kuliko sisi: Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoanza kufundisha mwaka 2001, vyuo vikuu vya Tunguu na Chukwani vilivyoanzishwa mwaka 1998, na tangu mwaka 2023 kampasi ya IIT Madras ya India iliyoko Bweleo, ambayo ina mtihani wake wa mchujo na usaili. Bodi za mikopo zina majibu ya fomu zao. Sheha anazijua kaya, na anajua nani kweli hana uwezo. Walimu wa madrasa wanaaminiwa na wazazi, na tangazo lao hufika nyumba ambazo barua yetu haifiki.

Na sisi tuna nini? Tuna watu wa kujitolea katika sharika, wakiwemo wahasibu, wauguzi na walimu wastaafu waliokwisha kupita njia hii. Tuna uzoefu wa kutunza kumbukumbu za mradi na kutoa hesabu. Tuna wafadhili wanaoweza kulipia mambo madogo ambayo hakuna bajeti ya serikali wala ya familia inayoyakumbuka: nauli ya daladala, nakala za vyeti, ada ya maombi, siku mbili za intaneti ya uhakika, na nauli ya boti kwa aliyepata chuo ng'ambo ya pili. Ukilinganisha na ada ya mwaka mmoja ya mwanafunzi mmoja, gharama hizi ni ndogo, na zinagusa vijana wengi kwa pamoja.

Suala la imani

Sasa tuseme waziwazi jambo ambalo limekuwa likisemwa pembeni. Unguja ni kisiwa cha Waislamu, na Wakristo tu wachache. Maana yake ni kwamba wengi wa walengwa wa fungu hili hawatakuwa watoto wa sharika zetu. Wajumbe wengine wameuliza kama hayo ndiyo matumizi halali ya sadaka. Upande wa pili, wapo wazazi wanaojiuliza tunatafuta nini kwa watoto wao.

Hofu ya wazazi ina mizizi. Katika karne ya 19 wamisionari wa UMCA walifungua shule Kiungani na Mbweni kwa ajili ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Shule zile zilitoa elimu, na pia zililea watoto katika Ukristo. Katika kumbukumbu ya mji huu shule ya kanisa na kubadili dini vilikwenda pamoja. Halafu tarehe 23 Septemba 1964 serikali ilitangaza elimu bila malipo na bila ubaguzi, na Mzanzibari analiheshimu sana tangazo hilo. Tukija leo na msaada wenye masharti ya dini, tutakuwa tumerudisha ubaguzi kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo yaandikwe katika makubaliano na kila shule. Msaada hautaulizia dini. Vikao vitafanyika shuleni, na havitakuwa na mahubiri wala ugawaji wa vitabu vya dini. Mzazi ataarifiwa na kukubali kabla taarifa za mtoto hazijachukuliwa. Namba ya simu na neno la siri vitabaki mikononi mwa mwanafunzi mwenyewe. Kwa wale wanaouliza kanisa linapata nini, tunajibu kwamba kanisa linapata jirani aliyesoma. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira ni cha kanisa letu, na kinapokea wanafunzi wa imani zote. Vyuo vikuu vya Tunguu na Chukwani vilianzishwa na mashirika ya hisani ya Kiislamu, na mwalimu au mhasibu aliyefundishwa huko anawahudumia Wazanzibari wote. Tutende vivyo hivyo katika jambo hili dogo.

Tunachowaomba

Kwa kamati za sharika: kila kamati ituteulie watu wawili, ikiwezekana mwanamke na mwanamume, watakaojifunza taratibu za udahili na mikopo kila mwaka kabla ya Mei, kwa kuwa taratibu hubadilika. Mshauri anayetumia taarifa za mwaka jana anaweza kumpoteza kijana kuliko asiyemshauri kabisa.

Kwa wafadhili: tunawaomba mkubali kupima kazi hii kwa namna tofauti kidogo. Ni rahisi kumchagua kijana mmoja mwenye daraja la kwanza, kumlipia, na kuweka picha yake kwenye taarifa. Kijana huyo tunamfurahia, lakini mara nyingi angeonwa na wengine pia. Tunaomba mtuulize hivi: katika shule tulizoshirikiana nazo, wangapi waliokuwa na sifa waliomba, wangapi walithibitisha nafasi zao, wangapi waliripoti chuoni, na waliobaki wako wapi? Majibu hayo tutayaleta kila robo mwaka, yawe mazuri au mabaya.

Kwa walimu na ndugu zetu wa madrasa na wa shehia: tusaidieni kuwaita wazazi mapema, wakati mtoto yuko kidato cha tano, ili vyeti vitafutwe kukiwa na nafasi. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kurekebishwa kwa utulivu mwezi Januari. Mwezi Agosti ni kuhangaika.

Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Fungu tunaloliomba ni dogo, na tunaliomba tukijua kwamba litakuwa na faida pale tu wengine watakapoweka na vidole vyao. Makubaliano ya mwanzo yako mezani. Yasomeni, myasahihishe, na mtupe majibu yenu kabla kikao hiki hakijafungwa.